Nilianza na diski ya pili: uzoefu wangu na Pirates of the Caribbean ya 2003

Mimi nilikuwa mtu wa kutazama picha, kurudisha diski kwenye jalada lake, basi. Vile vipande vya ziada niliviona makapi: waigizaji wanasifiana, mwongozaji anasema wote waliishi kama ndugu. Kwa hiyo nilipopata toleo la diski mbili la Pirates of the Caribbean: The Curse of the Black Pearl, lile lililotoka mwishoni mwa 2003, mdogo wangu akaniambia nianze na diski ya pili, nikamcheka. Picha yenyewe nimeitazama mpaka najua yule kima wa maharamia anatokea wapi. Za ziada za nini?

“Wewe tazama ile ya meli,” akasema. “Halafu uniambie.”

Hiyo ya meli ni fupi, na ukiwa mvivu utairuka. Inahusu Lady Washington, merikebu ya milingoti miwili iliyojengwa katika jimbo la Washington, Marekani, na kushushwa majini mwaka 1989 kwa mfano wa chombo cha karne ya 18. Kwenye picha inaitwa Interceptor, ile meli ya mbio ya Waingereza ambayo haramia Jack Sparrow anaiiba mchana kweupe huku wenyewe wanamtazama. Miaka yote hiyo niliamini ni kazi ya kompyuta, au ni upande mmoja wa mbao ulioegemezwa kwenye magogo. Kumbe chombo kiliondoka Long Beach, California, kikapita Mfereji wa Panama, kikaingia Karibi hadi St. Vincent, kwenda kupigwa picha! Ilinibidi nirudishe nyuma na kutazama tena.

Black Pearl yenyewe, meli ambayo kila mtu kwenye picha anaililia, ilijengwa juu ya tishari. Yaani sitaha, milingoti, mizinga na yale matanga meusi yaliyochanika, vyote vimekaa juu ya chombo kisichoweza kwenda popote kwa upepo. Sasa kumbuka ile mbio ya katikati ya picha, Pearl inapoifukuza Interceptor na mabaharia wanatupa kila kitu baharini ili chombo kiwe chepesi. Anayekimbia ni anayejua kusafiri, na anayemkamata ni tishari lililovalishwa. Tangu nijue hilo, nikifika hapo nacheka peke yangu, na bado moyo unanidunda.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Nahodha Barbossa na watu wake waliiba vipande 882 vya dhahabu ya Waazteki, wakavitumia, laana ikawashika: hawafi, hawaonji chakula, na mwanga wa mwezi ukiwapiga wanaonekana mifupa. Ili waponywe lazima warudishe kila kipande, pamoja na damu ya kila aliyehusika. Kwa hiyo una maharamia wanaohangaika usiku na mchana kurudisha hazina mahali ilipotoka. Ni picha ya maharamia iliyogeuzwa ndani nje. Kwenye diski kuna sauti za maelezo zinazokwenda sambamba na picha, na ile ya waandishi ndiyo niliyoisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ukiwasikiliza Ted Elliott na Terry Rossio, pamoja na Stuart Beattie na Jay Wolpert waliotangulia kuandika, unaona jinsi hadithi ilivyoanza kama kisa cha kawaida cha kumwokoa binti aliyetekwa, kisha laana ikaingizwa na kila kitu kikahama. Anayependa kuandika, hiyo ni darasa.

Sauti nyingine ni ya mwongozaji Gore Verbinski akiwa na Johnny Depp. Hii ni ya kusikiliza ukiwa unapika au unakunja nguo. Depp anaongea polepole, kwa kuchangamka kidogo kidogo. Ila ukitaka kuelewa Jack alitoka wapi, hapo ndipo pa kukaa. Depp amesema mara nyingi kwamba alimjenga Jack kwa kumtazama Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, kwa hoja kwamba maharamia ndio waliokuwa wanamuziki wa roki wa zama zao. Mwendo ule wa kwenda mrama, mikono inayoelea, ni mtu ambaye hata nchi kavu inamyumbisha. Wakubwa wa studio waliingiwa na hofu. Na yale meno ya dhahabu? Alibandika mengi kuliko aliyoyataka, akijua watamwambia ayapunguze. Walipolalamika, akapunguza mpaka ikabaki idadi aliyoitaka tangu mwanzo. Muuza mitumba hana la kumfundisha huyu. Mwisho wa yote akateuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora, kwa picha iliyotokana na mchezo wa bustani ya burudani.

Ndiyo, mchezo. Disneyland walifungua mwaka 1967 safari ya mashua inayopita katikati ya masanamu ya maharamia, na diski ya pili ina kipande cha kipindi cha televisheni cha 1968 kinachoonyesha jinsi masanamu yale yalivyotengenezwa. Nilikitazama kwa subira ndogo, hadi nikawaona wafungwa wanaomwita mbwa mwenye funguo mdomoni. Tukio hilo limo kwenye picha, gerezani Port Royal! Baada ya hapo unaanza kuwinda mengine.

Jambo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote ni uchambuzi wa tukio la mbalamwezi, pale Elizabeth (Keira Knightley), binti aliyetekwa na maharamia, anapokurupuka kwenye sitaha na kukuta mabaharia wote ni mifupa, wanafanya kazi kama kawaida. Wanakuonyesha tabaka kwa tabaka. Kwanza linapigwa na waigizaji wenyewe, halafu linarudiwa sitaha ikiwa tupu, ili wachoraji wa kompyuta wa Industrial Light & Magic wapate nafasi ya kuweka mifupa. Waigizaji tena wanaigiza upya kwenye ukumbi maalumu wa kunasa mienendo yao. Verbinski, badala ya kuwahurumia, alitaka mapigano yapigwe kwa kamera ya kushikwa mkononi inayotikisika, kwa hiyo kila mtikisiko lazima ulingane. Huyo Keira Knightley anayekimbia akipiga mayowe alikuwa na miaka 17. Jaribu kuogopa hewa tupu, kisha uogope tena kwa namna ile ile. Heshima yangu kwake ilipanda, maana zamani nilimwona kama pambo tu kati ya wanaume wawili.

Picha yenyewe? Bado inanipa raha ile ile. Sijaona steringi anayeingizwa vizuri kuliko Jack: amesimama juu ya mlingoti, upepo unampepea, muziki umepanda, kisha kamera inashuka na kukuonyesha kwamba chombo ni kidau na ngama imejaa. Anashuka haraka kukumba maji kwa ndoo. Anafika gatini kidau kikiwa kimezama chote, na anakanyaga ubao wa gati bila kulowa, kana kwamba ndivyo alivyopanga. Dakika chache bila maneno, na mtu mzima umemjua. Orlando Bloom naye, akiwa Will, kijana mhunzi, nampenda kwenye mapigano ya karakana ya mhunzi kuliko anapoongea mapenzi. Upanga wao ulifundishwa na Bob Anderson, mzee aliyewahi kucheza Olimpiki kwa Uingereza, na inaonekana: kila pigo lina sababu, unaweza kufuata nani anamzidi nani. Geoffrey Rush akiwa Barbossa anakula kila tukio kama lile tofaa lake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha wawili, Jack na Barbossa, wanaigombea Black Pearl na mrama wenyewe ndio utamu.

Kasoro zipo. Dakika 143 ni nyingi, na theluthi ya mwisho watu wanakwenda pangoni, wanatoka, wanarudi, mpaka nikasahau nani yuko meli gani. Watu wasioweza kufa wakipigana na mtu mwingine asiyeweza kufa, hofu nayo inapungua. Huyu anachoma, yule anachoma, wanacheka. Muziki ulioandikwa kwa jina la Klaus Badelt, akiwa na mkono wa Hans Zimmer, utaubeba kichwani wiki nzima, lakini kuna mahali ungeweza kunyamaza watu wakaongea.

Kwenye ziada, albamu ya picha za mnato ya mtayarishaji Jerry Bruckheimer niliipita mbio. Matukio yaliyokatwa ni mengi, na mengi yalistahili kukatwa. Ni mazungumzo yaliyorefushwa. Makosa ya waigizaji yanachekesha mara moja. Ila usiikose shajara ya Lee Arenberg, yule haramia mnene mwenye upara anayeandamana na mwenzake wa jicho la mti. Alibeba kamera yake ndogo na kurekodi maisha ya maharamia wadogo wakisubiri zamu: vipodozi, joto, utani, uchovu. Humo hakuna anayemsifia mtu. Pia kuna sehemu ya historia ya maharamia wa kweli, unachagua mwenyewe pa kuingia. Ningependa iwe ndefu mara tatu, hasa ukijua kwamba Port Royal halisi, kule Jamaika, iliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1692.

Kama una watoto wadogo, itazame kwanza peke yako. Ilikuwa picha ya kwanza yenye jina la Walt Disney kupewa daraja la PG-13, yaani onyo kwamba huenda isiwafae walio chini ya miaka 13, na ile mifupa si ya mzaha. Mpwa wangu wa miaka mitano alijificha nyuma ya mto hadi mwezi ulipoingia mawinguni.

Nilimpigia mdogo wangu baada ya siku mbili, nikamwambia nimemaliza. Hakuuliza kama nimeipenda. Aliuliza kama niliacha majina yapande mpaka mwisho. Sikuacha, mara zote nilizoitazama, nilizima yalipoanza. Basi na wewe usizime, kima bado ana kazi moja pangoni.