Kijitabu cha Kumbukumbu ya Mama Yetu Mwalimu: Tathmini ya Huduma Tuliyopewa

Mama alipofariki dunia, sisi wanawe tuliona kwamba wasifu uliosomwa siku ya mazishi hautoshi, kwa kuwa karatasi ile husomwa mara moja ikakunjwa, ilhali yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu na alilea nyumba iliyojaa watoto, wakiwemo asiowazaa. Tukaikabidhi kazi ya kutengeneza kijitabu cha kumbukumbu kwa watu wanaohariri maandishi, kusafisha picha za zamani na kuchapisha.

Uhariri ndio ulionigusa zaidi. Rasimu yetu ilikuwa mfululizo wa alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliolewa, alistaafu. Mhariri hakuisahihisha, aliturudishia maswali. Aliuliza mama alikuwa akisahihisha madaftari saa ngapi, alimpokeaje mwanafunzi aliyechelewa, na nani nyumbani alimsaidia kuandaa zana za kufundishia. Maswali hayo yalitufungua vinywa. Dada yangu mkubwa alikumbuka kwamba mama alisahihisha usiku, huku kitinda mimba wetu amelala mapajani mwake, na kwamba hakumwekea mtoto alama ya kosa bila kuandika pembeni neno la kumwelekeza. Mimi nilikumbuka vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni lake, lililotuachia alama mabegani kila alipotukumbatia akirudi kazini. Mambo hayo hayamo katika cheti chochote, na bila maswali yale yasingeingia kitabuni.

Wanafunzi wake wa zamani nao waliombwa wasimsifu, bali kila mmoja asimulie tukio moja tu. Ombi hilo lilionekana kavu mwanzoni, hata baadhi ya ndugu walinung'unika. Lakini mmoja wa wanafunzi hao, ambaye sasa ni babu, alieleza jinsi mama alivyobaki naye darasani wenzake walipokwisha ondoka, akifuatisha mistari kwa kidole chake mpaka siku aliyosoma ukurasa mzima peke yake. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na kila mara namwona mama niliyekuwa simjui, yule wa saa ambazo sisi tulikuwa tukimngoja nyumbani.

Kwa upande wa picha, ufundi wao ni mzuri. Walizipiga skani kwa nukta 600 kwa inchi, hivyo picha ndogo iliweza kukuzwa mara mbili na bado ikachapishwa kwa nukta 300, bila ukungu. Picha za rangi zilizokuwa zimegeuka nyekundunyekundu kwa kuchujuka zilirudi karibu na hali yake ya awali. Kosa lao, na ni kosa lililoniumiza, ni kwamba katika picha ya jalada walilainisha uso wa mama hadi makunyanzi yote yakatoweka, bila kutuuliza. Tulimuaga akiwa na uso wenye mikunjo yake, na ndio tuliotaka kuuona. Tulipolalamika, waliirekebisha picha bila ubishi.

Kuhusu uchapaji, walitueleza mapema kwamba kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Tulikuwa na kurasa 34, zikawa zimepungua 2 kufikia 36. Badala ya kuziacha tupu, mhariri alipendekeza tuweke andalio la somo lililoandikwa kwa mkono wa mama, na kwangu hizo ndizo kurasa bora kuliko zote. Karatasi waliyoshauri ni isiyo na asidi, ambayo huchelewa sana kugeuka manjano na kukatika; nawashukuru kwa ushauri huo.

Nitawatumia tena bila kusita. Familia itakayokwenda kwao ipeleke picha zenyewe, si picha zilizopigwa tena kwa simu, na idai kuona prufu ya karatasi, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapisha, ikiwa na kila picha na kila jina, kwa maana katika prufu yetu majina ya wajukuu 2 yalikuwa yamekosewa, na bibi yao asingelivumilia hilo hata kidogo.