Mwaka mmoja na kampuni iliyopima maji ya ardhini kwenye sheli ya zamani

Sheli iliyokuwa jirani na kisima cha mtaa wetu hapa Dar es Salaam ilifungwa na matangi yake yakafukuliwa, lakini udongo mweusi unaonuka petroli ulibaki palepale. Kaya zinazochota maji kwenye kisima hicho, kilicho mita 70 hivi kutoka kwenye shimo la matangi, zilichanga fedha, na mimi, nikiwa katibu wa kamati ya maji, nikapewa kazi ya kusimamia kampuni tuliyoiajiri kupima maji ya ardhini mara nne kwa mwaka. Jina la kampuni sitalitaja. Naieleza kazi yenyewe ili anayetafuta huduma ya namna hii ajue la kuuliza kabla ya kutia saini.

Kazi ya uwanjani iliniridhisha kabisa. Walichimba visima vinne vyembamba vya uchunguzi, vya bomba la plastiki la inchi 2, lenye matundu membamba kwenye kina ambacho maji hupanda na kushuka. Kina hicho si jambo dogo, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji na huelea, na bomba ambalo matundu yake yote yamezama haliwezi kuipokea. Fundi wao alianza kila mara na kisima kilicho safi zaidi na kumalizia kile cha kando ya shimo, akabadilisha glavu kila kisima, na jenereta akaiweka mbali, upande upepo unakoelekea, ili moshi wake usiguse sampuli. Alitoa kwanza maji yaliyolala bombani, kisha akajaza vichupa vya mililita 40 mpaka maji yakavimba mdomoni, akafunga, akakipindua kila kichupa na kukigonga kwa kidole. Kimoja kilionyesha kiputo kidogo kama kichwa cha pini. Alikiweka kando na kuchukua kipya. “Benzini inatorokea kwenye hewa hiyo, Mama Katibu,” alinieleza, akimaanisha kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli. Nilisimama naye saa nne juani na sikumwona akiruka hatua hata moja.

Ripoti ndiyo iliyotuangusha. Ile ya kwanza iliandika “hakuna” kwenye safu ya benzini ya kisima chetu, na watu wakarudi kunywa kwa furaha. Nilipoomba cheti cha maabara, jambo lililonigharimu barua tatu, niliona kwamba kipimo kilichotumika hakikuweza kugundua chochote chini ya mikrogramu 20 kwa lita, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10. Kwa hiyo maji yetu yangeweza kuwa na benzini karibu mara mbili ya mwongozo huo na bado yakaandikiwa “hakuna”. Benzini husababisha saratani ya damu, na mzazi anayemchemshia mtoto uji kwa maji hayo hastahili kupewa jibu la namna hiyo. Niliumia sana, kwa sababu ni mimi niliyewasomea majirani ripoti ile. Kampuni ilikubali kosa, ikahamishia sampuli kwenye maabara inayogundua hadi mikrogramu 1, wala haikututoza nyongeza. Tangu hapo kisima chetu kimesoma chini ya 1 katika awamu zote tatu, huku kile cha kando ya shimo kikipanda kutoka 380 mwezi Februari hadi 610 baada ya masika.

Ramani inayoonyesha kwa mshale maji ya ardhini yanatiririkia upande gani nayo ilichorwa mara moja tu, wakati wa kiangazi. Tulipodai ichorwe upya mwezi Mei, mshale ulikuwa umeinama kuelekea kwetu.

Ningewaajiri tena, na tayari tumefanya hivyo, ila mkataba mpya unataja kiwango cha chini ambacho maabara lazima iweze kugundua, unataka cheti halisi kiambatanishwe na kila ripoti, na unadai ramani mpya kila awamu. Kisima cha tano cha uchunguzi kimeshachimbwa katikati ya shimo la matangi na kisima chetu, na sampuli yake ya kwanza itachukuliwa mara masika yatakapokatika.