Manyuali au otomatiki: kwa nini klachi inatoweka

Zamani hoja ya manyuali, yaani gari ambalo dereva hubadilisha gia mwenyewe kwa kukanyaga klachi, ilikuwa rahisi: bei nafuu na mafuta kidogo. Hydra-Matic ya General Motors, otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, ilitoka mwaka 1939 ikiwa na gia 4, na kwa miongo mingi otomatiki zilikunywa mafuta zaidi. Leo zipo za gia 8 hadi 10, na kompyuta hubadilisha gia haraka kuliko dereva yeyote. Hapo ndipo manyuali ilipoishiwa nguvu.

Kwenye foleni hakuna ubishi, otomatiki inapumzisha mguu. Ila mlimani, gari likiwa na mzigo, mimi bado ni wa manyuali: unaachia klachi taratibu, injini inatetemeka kidogo, unahisi gari limeshika, ndipo unashusha breki ya mkono. Kwenye mteremko, gia ya kulizuia unaichagua mwenyewe. Na klachi ikiisha, kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko kufumua giaboksi ya otomatiki.

Magari mengi ya umeme yana gia moja tu, hayana klachi kabisa. Kwa anayejifunza udereva, Uingereza kwa mfano, ukifanya mtihani kwa otomatiki leseni hiyo haikuruhusu kuendesha manyuali. Ukifanya kwa manyuali, unaendesha zote mbili.