Ukuta wa gabioni kwenye ghala la mvinyo, Karen, Nairobi: uzoefu wangu

Nililipia ukuta wa nje wa gabioni, yaani masanduku ya nyavu za waya yaliyojazwa mawe, unaozunguka ghala dogo la mvinyo. Mfano ulikuwa kiwanda cha mvinyo cha Dominus huko Napa, California, kilichobuniwa na wasanifu majengo Herzog & de Meuron miaka ya 1990. Wao walijaza basalti ya kwao, jiwe jeusi gumu la volkano. Sisi tulitumia mawe meusi magumu ya machimbo ya hapa.

Mawe ndiyo kila kitu. Tundu la wavu likiwa milimita 75, jiwe lisipungue 100 wala kuzidi 200. Lori la kwanza lilileta kokoto pamoja na mabaki ya lile jiwe laini linalokatwa kwa mashine, nikalirudisha. Jiwe laini humeguka likilowa, vipande vikadondoka, sanduku likalegea.

Kosa la mafundi: masanduku mawili ya chini yalitoa tumbo kabla wiki haijaisha. Sanduku la kimo cha mita 1 hujazwa kwa tabaka tatu, na baada ya tabaka la kwanza na la pili hufungwa waya wa kuvuta uso wa mbele na wa nyuma. Wao walimwaga mawe kwa koleo mpaka juu. Yalifunguliwa, mawe yakapangwa upya kwa mkono, ubapa ukitazama nje. Gharama waliibeba wenyewe, na hilo nawasifu.

Msingi waliufanya vizuri: udongo mweusi, ule unaofura kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, waliuondoa wote hadi mwamba.

Dominus waliweka wavu wa matundu madogo chini kuzuia nyoka. Agiza hivyo hivyo. Hapa adui ni panya.

Muuzaji aliniambia sitahitaji mashine ya kupoza. Si kweli. Jiwe husawazisha joto la mchana na baridi ya usiku, halipozi. Wastani wa Nairobi ni nyuzi 18 au 19 hivi. Mvinyo unataka 12 hadi 14. Tena hewa hupita kati ya mawe, kwa hiyo ukuta wa ndani wa zege au matofali ni lazima.

Kibarazani tuliuacha ukuta wa gabioni wazi, bila ukuta wa ndani. Saa kumi alasiri jua hupenya kati ya mawe na kutawanyika sakafuni kama punje za mtama. Ni pazuri mno, ila chupa usiziweke hapo: mwanga huharibu mvinyo.