Sema wewe ni binamu yangu

Nyumba yenyewe, niliyoipanga kwa siku chache kupitia programu ya simu, ni nzuri, tena sana. Dirisha linatazama mji mzima, mashuka safi, maji ya moto yanatoka bila kubembelezwa. Nasema mapema ili mwenye nyumba asije akadai nimeandika kwa chuki. Ila ili uingie humo lazima upite kwa mlinzi, na ili upite kwa mlinzi lazima uwe mwongo.

Meseji ya mwenye nyumba ilinifikia nikiwa kwenye teksi, pesa imeshakatwa na muda wa kuahirisha bila hasara umeshapita. "Ukiulizwa pale chini sema wewe ni binamu yangu. Usitaje programu. Mapokezi usiulize chochote." Nikadhani utani. Nikamuuliza kwa nini, akanirudishia picha ya kidole gumba. Hivi kidole gumba nacho ni jibu?

Nimefika usiku, begi zito, mgongo unawaka moto. Mlinzi, mzee mpole tu, akaniuliza naenda kwa nani. Nikataja namba ya nyumba. Akataka jina la mwenyewe. Na mimi huyo "binamu" namjua kwa jina moja, lile aliloweka kwenye programu, ambalo kwenye daftari la mzee halimo kabisa. Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, wapi! Meseji zinasomwa, hazijibiwi. Watu wanaingia na kutoka, kila mmoja ananitazama kama nimekuja kuiba lifti.

Mzee hakunifokea. Alinivutia kiti. "Mwanangu, sikuzuii kwa ubaya. Wenye nyumba wa humu walishakaa kikao, wakakataa wageni wa siku mbili tatu. Nikikupitisha, kibarua changu kinaota nyasi." Kisha akaniambia kwamba mabinamu wa nyumba ile huja karibu kila wiki, na ukoo huo ni mkubwa mno. Wala hakucheka.

Mwenye nyumba alipoona vema kupiga, pole haikuwepo. "Si nilikuambia useme nini? Wenzako wote wanapita, wewe tu ndiye umeshindwa!" Yaani mimi, niliyelipa, nagombezwa kwa kutokujua kudanganya. Akaomba kuongea na mzee. Sijui walimalizana vipi. Nilichoona ni kwamba nilipandishwa kwa lifti ya mizigo.

Usingizi ulipogoma nikaanza kusoma habari za nyumba hizi. New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa chini ya siku 30 lazima awe amejisajili na mji, naye mwenyewe awepo nyumbani, na wageni wasizidi wawili. London, nyumba nzima haipangishwi kwa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali maalumu. Barcelona ndiyo imekata mzizi kabisa: mwaka 2024 meya alitangaza kwamba leseni za nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, zitakwisha 2028 na hazitaongezwa. Na kusema kweli nawaelewa. Ningekuwa mkazi, kodi inapanda huku kila wiki nakutana na sura ngeni kwenye ngazi, ningekwenda kwenye hicho kikao na kunyoosha mkono wa kwanza. Ninayegombana naye ni mtu anayejua fika amekatazwa, halafu anamtanguliza mgeni mlangoni akambebee uongo wake.

Ada ya usafi alitoza pia, nayo si ndogo. Pamoja na hiyo kuna karatasi ukutani: osha vyombo, vua mashuka, shusha taka. Lakini taka zishushwe usiku, mlinzi asikuone!

Nikalalamika. Huduma kwa wateja wa programu waliniuliza swali moja: je, hatimaye uliingia? Niliingia, ndiyo. Basi, lalamiko limefungwa.

Kwenye programu nilimpa nyota tatu. Nilijizuia. Nilijiambia huenda mtu ana madeni, huenda ndiyo riziki yake, na wageni waliotangulia wote wamemsifu "maelekezo yako wazi". Maoni yetu yakatoka kwa pamoja, ndipo nikaona alichoandika juu yangu: "Mgeni hafuati maelekezo." Kule siwezi kubadilisha tena. Hapa naweza: nyota moja, na hiyo moja ni ya mzee wa mlangoni.

Mkitaka kupanga kwa mtu wa namna hii, muulizeni kabla ya kulipa, tena kwa maandishi humo humo ndani ya programu, kama jengo linaruhusu wageni wa muda mfupi. Akikwambia "tuhamie WhatsApp tuongee vizuri", achana naye. Na ajabu ni kwamba mimi ningerudi nyumba ile hata kesho, mradi jina langu halisi liwe kwenye daftari la yule mzee.