Gesi niliyolipia bure, na feni iliyofufuka Ndeeba

Naanza na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Mota ya mtumba ya feni ya hita na kiyoyozi 130,000, ufundi 40,000, chujio la hewa ya ndani 20,000. Jumla shilingi 190,000 za Uganda, na gari ni Toyota Wish ya 2005. Kabla ya hapo nilishatupa 120,000 kwenye gereji nyingine ambayo siitaji jina, lakini kisa chake nitakitoa.

Mimi mtu wa Tanga, nimeolewa Kampala, nauza mashuka na vitenge, na kila mwezi napeleka mzigo kwa wateja wangu Kabale. Mtu wa pwani akilalamikia baridi ya Kabale msimcheke. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu unalala barabarani kama umelipia kitanda. Huko hita si anasa: bila hewa ya moto kupuliza kioo cha mbele, huoni hata taa za lori linalokujia.

Basi mwezi wa tatu, napita Muhanga njiani kwenda Kabale, mvua inanyesha, feni ikakata. Nikazungusha swichi mpaka namba nne, kimya. Binti yangu alikuwa kiti cha abiria, goti lake likagonga chini ya dashibodi, feni ikaamka, ikanguruma kama pangaboi bovu, kisha ikalala tena. Mpaka tunafika Kabale nilikuwa nafuta kioo kwa kanga.

Gereji ya kwanza, hapa hapa Kampala, hawakufungua hata skrubu moja. "Mama, gesi imeisha." Wakajaza gesi ya kiyoyozi. Bahati yao siku hiyo feni iliamua kufanya kazi, nikasikia ubaridi, nikalipa. Siku ya pili kimya. Kurudi naambiwa sasa tatizo ni kompresa, niandae milioni. Hapo ndipo akili ikanirudia. Hita inahusiana nini na gesi? Hita inachukua joto la maji ya injini. Gesi ni ya kiyoyozi peke yake. Vimekufa vyote wakati mmoja, na kitu pekee vinachochangia ni ile feni inayosukuma hewa. Nilikasirika, zaidi nikajikasirikia mwenyewe, maana goti la mwanangu lilikuwa limeshanipa jibu bure.

Kwa spea kila mtu anakutuma soko la Kisekka. Shemeji yangu akanituma Ndeeba, mtaa mwingine wa hapa Kampala, kwenye kibanda cha kijana mmoja Mnubi wa Bombo. Aliponiamkia shikamoo nikajua tutaelewana. Kampala shikamoo naisikia kwa nadra.

"Mama, kabla ya kufa ilikuwa inalia?"

"Wiki mbili, kama panya."

"Na ukigonga inaamka?"

"Inaamka."

Akacheka. "Brashi zimeisha. Lakini tupime kwanza."

Hilo "tupime kwanza" ndilo lililonifanya niandike haya. Akaangalia fyuzi, nzima. Akavua kisanduku cha mbele ya abiria, akachomeka taa yake ya kupimia kwenye plagi ya mota: umeme unafika. Akaikagua plagi kama imeyeyuka, kwa sababu mota iliyochoka inavuta umeme mwingi na huweza kuunguza plagi au rezista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni. Vyote vizima. (Feni yako ikifanya kazi namba ya mwisho tu na nyingine zimekufa, hapo ndipo mshuku rezista, usinunue mota.) Skrubu tatu, na mota ikamdondokea mkononi na gurudumu lake la mapezi. Alipoifungua nikaona mwenyewe: brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zilikuwa zimelika, zimebaki vipande kama kucha. Chujio nalo lilijaa vumbi jekundu na majani ya mwembe wangu. Si ajabu feni ilikuwa inahema.

Akaniletea mbili nichague: mpya ya China 90,000, na ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani. Kila moja akaiunga moja kwa moja kwenye betri. Ile mpya ilitetemeka mkononi. Ya mtumba ilizunguka bila sauti. Pia akalinganisha plagi na upande wa kuzunguka, akisema nyingine zinafanana sura lakini zinazunguka kinyume. Nikachukua ya mtumba. Ile ya zamani alinirudishia bila kuombwa, ipo buti.

Sasa manung'uniko. Aliniambia kazi ni ya saa moja tu, ikachukua saa tatu na nusu, kwa sababu katikati ya kazi alikwenda kuswali. Ilikuwa Ijumaa, na siku nilichagua mimi, kwa hiyo hapo nanyamaza. Pa kukaa hakuna, nilikalia tairi. Risiti hakuandika mpaka nilipoidai, na dhamana ya wiki mbili ni ya mdomo tu. Kubwa zaidi, wakati wa kuvua kile kisanduku alivunja kishikizo kimoja. Alikiri mwenyewe, hakunificha, ila kimevunjika.

Tangu hapo nimekwenda Kabale mara mbili. Namba moja hadi nne zote zinafanya kazi, kioo kinakauka mara moja, na foleni ya jioni pale Busega naisubiri madirisha yakiwa juu, vumbi libaki huko nje. Gesi ile ya 120,000 imo, inapoza vizuri, ila gesi ya mwanzo haikuwa imekwenda popote.

Kisanduku bado kinagonga kwenye matuta, binti amekifunga kwa raba ya nywele. Fundi amepiga simu kwamba kishikizo amekipata, hadai kitu. Nitapita Jumanne. Ijumaa sirudii.