Buti la mlimani: soli imebanduka au imeoza?

Malalamiko ya wasomaji hayabadiliki. Buti lilitoka soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, liking'aa, ngozi safi, kamba bado ngumu, kisha kwenye matope ya Elephant Hill, kilima cha Aberdare, soli ikabaki nyuma na mguu ukaendelea na safari. Lawama humwangukia fundi au gundi yake, ilhali mara nyingi mkosaji ni lile povu lililo kati ya ngozi na mpira wa chini.

Rangi, uzito na kuzuia maji hatuvigusi. Muuzaji atakuimbia hayo bila kuulizwa.

Povu la poliuretani, linalopendwa kwenye mabuti mazito ya ngozi ya Ujerumani na Italia, ni imara, ila unyevu wa hewa hulila polepole hata buti likiwa kabatini. Likifika miaka 8 hadi 10 linaweza kumeguka kama mkate mkavu. Kwa hiyo "hili halijavaliwa, boss" si sifa. Huenda limelala miaka yote hiyo. Povu la EVA haliozi hivyo. Hubonyea tu, likapoteza mnepo.

Sokoni, likunje buti mara 10 pale vidole vinapokunjia, macho yakiwa kwenye ubavu wa povu. Mikunjo inayopotea haina neno. Nyufa nyembamba zinazobaki, unga, au povu kunata kidoleni, hapo limeoza. Chomeka ukucha: chembe zikibaki ukuchani, lirudishe. Mengi yana mwezi na mwaka kwenye lebo ya ndani ya ulimi. Lebo ikikatwa, lihesabu kuwa zee. Na povu lililopakwa rangi upya linaficha kitu.

Chaguo la kwanza ni kukarabati ulilonalo, kama povu ni zima na soli imebanduka tu. Fundi atoe gundi yote ya zamani, akwaruze pande zote mbili kwa msasa, afute vumbi, apake gundi ya kopo safu nyembamba huku na huku, kisha asubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni. Ndipo abane kwa nguvu, alizungushie mpira wa tyubu, lilale hivyo usiku kucha. Wenye haraka hubandika gundi ikiwa mbichi, soli ikaachia wiki hiyo hiyo. Supaglu hukauka ngumu na kupasuka likikunjwa. Kushona huishika vizuri ncha ya mbele, ila kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Gore-Tex uliyolipia, ule utando wa kuzuia maji, ndiyo basi.

La pili ni buti la Merrell Moab la mitumba, na upendeleo wetu hatuufichi. Povu lake ni EVA, na likibanduka huanzia kwenye vidole, kazi ambayo fundi yeyote wa mtaani anaiweza. Yasimamishe mawili kwenye meza, uyatazame kwa nyuma: kisigino kikilala upande mmoja, achana nayo.

Ngozi nzito yenye poliuretani inafuata, na iwe tu lebo haijapita miaka 5. Mabuti ya Kijerumani ya Hanwag na Meindl hubadilishwa soli na povu pamoja, lakini kwa mashine na vifaa vya kiwandani. Fundi akikuahidi kubandika soli mpya juu ya povu la zamani, anabandika juu ya unga.

Kopi za bandia za katikati ya mji: msitu wa Karura sawa, kilele cha Lenana cha Mlima Kenya hapana.

Sasa bei. Wauzaji wamejua ile alama ya manjano ya Vibram, chapa ya soli za mpira, na ukiikodolea macho tu bei inapanda. Alama hiyo ni ya mpira wa chini peke yake. Haisemi lolote kuhusu povu lililo juu yake. Likunje kwanza, bei uulize baadaye. Ukianza na bei, utanyang'anywa buti mkononi kabla ya mkunjo wa tatu, eti unaliharibu.